Paa la Kayaki Yetu

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata wazo! Na mimi wazo langu huwa si la mtu wa kawaida. Nitaijengea kayaki paa.

Iko hapa karakana, imening'inia juu ya kichwa changu kwenye mikanda miwili, miezi minane sasa. Kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani naliona tumbo lake, jekundu lililopauka, lina mikwaruzo ya mawe ya bwawa. Mimi nashona viti vya magari ya watu, na juu yangu chombo chetu kinaelea hewani. Leo feni imekisukuma kidogo, kikaanza kuyumba polepole kama kiko majini. Nikakitazama, nikakitazama. Nimejishona kidole. Kidogo tu.

Miezi minane mke wangu hajatoka mchana. Ugonjwa wenyewe una jina refu kuliko treni, mimi na darasa langu la sita siwezi kuliandika. Lakini kazi yake naijua: jua likimgusa, ngozi inawaka, viungo vinavimba, wiki nzima kitandani. Yeye! Amesoma vipimo vya maji bwawani miaka ishirini na miwili, na kayaki ndiyo ilikuwa ofisi yake. Sasa anaishi nyuma ya mapazia kama mkanda wa picha usiotakiwa kuona mwanga.

Leo daktari wa ngozi kamwambia: asubuhi mapema, kabla ya saa tatu, akijifunika vizuri na kukaa kivulini, anaweza kutoka. Kivulini! Mama yule hajui amemwambia nani neno hilo.

Tukiwa njiani nikamweleza mke wangu. Akasema, kivuli gani katikati ya maji, unataka kwenda kupanda mti? Nikamwambia, bibie, mimi nimeona vivuli vya meli kutoka bandari kumi na moja. Akasema wewe ulikuwa unapaka meli rangi, tena zikiwa zimepandishwa nchi kavu.

Kweli. Lakini zilikuwa zimetoka bandari kumi na moja!

Jumatano, 6 Machi

Siku ya kuchagua. Nimechagua kama waziri.

La kwanza, mwavuli mkubwa wa kubana kwa skrubu. Nimeujaribu uani. Upepo umekuja mdogo tu, wa kukausha soksi, mwavuli ukageuka bakuli. Hapana.

La pili, paa la dukani, lile la kwenye intaneti, linalokunjwa kama kofia ya kigari cha mtoto. Zuri pichani. Nikampigia muuzaji, nikamuuliza linafunika mpaka wapi. Akasema kichwa na mabega, mzee. Nikamwambia mke wangu ana na magoti. Hakuwa amefikiria habari ya magoti.

La tatu, mimi mwenyewe.

Nikamwita shemeji, mdogo wake mke wangu, ana karakana ya kuchomelea hapa ukuta kwa ukuta na yangu. Nikamwonyesha mchoro. Kautazama mbele, kaugeuza, kautazama tena. "Shemeji, hii ni kayaki au jukwaa la harusi?" Nilikuwa nimeweka paa la kimo cha mtu aliyesimama, na marinda pembeni. Akanieleza taratibu kama anamweleza mgonjwa: paa likiwa juu linashika upepo, na chombo ni chembamba, dada yangu ataruka hapo. Paa likae chini. Vidole vinne juu ya kichwa chake, basi. Mbavu tatu za bomba la aluminiamu, ziinuke kutoka ukingoni, zishikwe na vibano vyenye mpira, tusitoboe chombo hata tundu moja.

Nikamwambia ndicho nilichotaka kusema.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimempima.

Sebuleni, mapazia yamefungwa. Mwanga wa kahawia, ule unaopenya kwenye kitambaa kizito, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Nimeweka mto sakafuni, nimemketisha, miguu mbele. Kasia liko karakana, nikampa fagio. Nikasema, haya, piga.

Akanitazama. Akasema nikionekana dirishani watasema na akili nayo imeondoka. Nikamwambia mapazia yamefungwa, nani akuone.

Akapiga. Kulia, kushoto. Mara ya kwanza kama mtu anayefagia dari. Halafu mabega yakakumbuka. Mimi nilikuwa na chaki mkononi niweke alama ukutani pale viwiko vinapofika, maana ubavu wa paa ukiwa karibu utamgonga kila akivuta. Nimeweka alama mbili tu, nikasahau. Amefumba macho. Fagio linashuka, linapanda. Sikio langu nalo likaanza wazimu: nimesikia maji! Pale sakafuni, kati ya kabati na meza ya televisheni, nimesikia maji yakigawanyika.

Akasema, bado macho kafumba: "Bwana Bandari, tumefika wapi?"

Mimi! Mimi niliyewahi kubishana na polisi wawili na karani wa mahakama kwa mpigo! Nikainamia futi ya kupimia kama mwanafunzi.

Sentimita sabini na nane kutoka kiunoni mpaka juu ya kilemba. Viwiko, tisini na nne. Nimeandika kwenye kiganja, hapa nanakili.

Jumamosi, 9 Machi

Paa limekwisha. Enyi walimwengu, njooni muone!

Shemeji kapinda mabomba kwa mchanga ndani yasibonyee, yametoka kama nyusi za mwanamke. Mimi nimeshona. Juu turubai la kijivu, lisilopitisha maji. Chini, upande unaomtazama yeye, nimeweka bitana ya ngozi ya plastiki, nyeupe, iliyobaki kwenye viti vya gari la maharusi. Nyeupe kama maziwa! Kila fundi wa viti anajua: gari la bitana nyeusi ni tanuri, la bitana nyeupe ni jokofu.

Shemeji kasema, si ungeweka rangi ya kiza, jicho lipumzike? Nikamwambia wewe choma vyuma vyako. Mimi nimeshona dari za magari yenye bendera.

Vibano kumi na viwili. Zipu mbele na nyuma, hatari ikitokea anavuta kamba moja paa linalala. Tumekaa chini yake wote wawili, mimi na shemeji, karakana, tukinywa chai, chombo kikiwa sakafuni. Mwanga ndani mweupe kabisa. Kama ndani ya yai.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda!

Saa moja kamili tulikuwa bwawani. Yeye mbele chini ya paa, glavu, mikono mirefu, kilemba. Mimi nyuma nje ya paa, kofia tu. Maji yamelala. Ukungu ulikuwa unatembea juu ya maji kwa miguu ya paka, na sisi tunaupita, unatufungukia, unafunga nyuma yetu. Nilimwona mgongo tu. Mgongo wenye furaha unajulikana, hauhitaji uso.

Katikati akaacha kupiga kasia. Akasema kina hapa kimepungua mita moja unusu tangu aondoke kazini. Kajuaje? Katazama tu rangi. Akasema na siku hizi anayesoma kipimo anakisia, naona. Kwa dharau hiyo! Nikajua mke wangu karudi.

Dakika arobaini. Nimepanga kila Jumapili mpaka tuzeeke. Tumezeeka tayari, lakini mpaka tuzeeke zaidi.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Kidevu. Shingo, chini ya taya. Chini ya pua na chini ya nyusi. Nyekundu kama amepakwa.

Juu ya uso hakuna kitu. Kipaji cha uso kizima. Ni chini tu.

Sielewi. Jua halikumgusa! Nilikuwa naangalia kivuli chake muda wote.

Jumanne, 12 Machi

Magoti yamevimba. Vidole havifungi kifungo. Nimembeba mpaka kwenye gari, mwepesi mno.

Daktari hakugomba. Angegomba ningejitetea, mimi kujitetea nina shahada. Aliniuliza bitana ya paa ni ya rangi gani. Nikamwambia nyeupe, kwa majivuno bado, nikamweleza na habari ya jokofu. Akachukua karatasi nyeupe mezani, akasogeza kiti cha mke wangu mbali kidogo na dirisha, akamshikia karatasi chini ya kidevu.

Uso ukang'aa. Pale chumbani, na taa zimezimwa.

Akasema maji yanafanya hivi hivi, baba. Jua linashuka pembeni, linapiga maji, linarudi juu. Lingepita zake. Lakini juu limekuta paa lako jeupe, likarudishwa tena kwake.

Kioo juu, kioo chini, na mke wangu katikati. Nimemchoma kwa mikono yangu, kwa kushona vizuri.

Wiki mbili ndani. Baada ya hapo tutazame.

Njiani nikasema nisamehe. Alikuwa amefunika uso na mtandio. Huenda alilala.

Alhamisi, 14 Machi

Hasemi na mimi. Si kwa hasira. Hasemi tu.

Nimemsimulia ile ya nahodha na kasuku. Hata kope hakupepesa.

Alhamisi, 21 Machi

Nimefumua bitana leo. Mshono baada ya mshono, kwa wembe. Kufumua ni kazi chungu, kila uzi unakuuliza ulikuwa unajivunia nini. Shemeji kaja, kakaa kwenye tairi, hakusema "nilikuambia". Ningemshukuru, lakini alikuwa anatabasamu.

Bitana mpya ni bluu ya kiza, karibu nyeusi, kitambaa kizito kisichong'aa hata ukikisugua. Na pembeni nimeongeza mapazia ya kitambaa hicho hicho, yanashuka mpaka karibu na ukingo, yamekatwa pale mikono inapopita tu. Nimerudi sebuleni kutafuta zile alama za chaki. Zimefutwa.

Nikamwuliza nani kazifuta. Neno la kwanza siku saba: "Mimi." Halafu baadaye, mimi nikiwa nimeshageuka kuondoka: "Zilikuwa zimekosewa. Niliketi kwa kujikunja. Nipime tena."

Fagio nimelileta mbio mpaka nikagonga mlango!

Jumamosi, 30 Machi

Nimelijaribu mwenyewe kabla ya mtu yeyote kukaa humo.

Nilitafuta njia ya kuupima mwanga, vyombo vyake sina. Nikachukua ile karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa zake, maandishi ya ukubwa wa sisimizi. Bila miwani. Chini ya bitana nyeupe, nilikuwa nimehifadhi kipande, nimesoma mistari minne. Chini ya bluu, palepale majini, saa ileile, hata kichwa cha habari sikukiona.

Nimempelekea daktari maneno hayo kwa simu. Kacheka, kasema hicho si kipimo cha hospitali. Halafu kasema, lakini dakika thelathini. Kabla ya saa mbili unusu awe ndani. Glavu zisivuliwe.

Nimekaa chini ya paa muda. Humo ni kama ndani ya kope. Unasikia maji, huyaoni, unaona mstari mmoja tu wa mwanga mbele. Nimelala usingizi. Nimegonga ufukwe.

Jumapili, 31 Machi

Naandika nikiwa kando ya bwawa, daftari mapajani. Saa mbili kasoro dakika kumi na moja.

Kaniacha.

Nilikuwa nimeshaingiza mguu mmoja nyuma. Akasema shuka. Nikasema bibie. Akasema uzito wako unaibenua pua, paa linainama nyuma, jua linaingia mbele. Kweli tupu, nilishaliona jana, nilikuwa najifanya sijaliona. Nikasema basi nikifunge kamba chombo nikishike kutoka hapa. Akasema mimi ni mbuzi? Shemeji aliyetusaidia kushusha akageuka akatazama milima.

Tumepatana. Asiende mbali, na nikipiga filimbi anageuza. Filimbi nimeazima kwa mwalimu wa michezo, jirani.

Saa mbili kasoro dakika tano. Yuko mbali kuliko tulivyopatana. Kayaki imekuwa kijiti, paa limekuwa ukucha mweusi juu ya maji. Simwoni. Naona kasia tu linatoka upande huu, linatoka upande ule. Kama kitu chenyewe kinatembea.

Saa mbili kamili. Jua limetoka kwenye miti. Maji yote yamekuwa bati jipya, siwezi kuyatazama. Doa moja tu jeusi katikati, ndimo alimo. Doa hilo nimelishona mimi.

Saa mbili na dakika sita. Kasia limesimama.

Shemeji kasema, anapumzika. Nikasema najua.

Upepo hakuna. Paa halitikisiki. Dakika ishirini na moja tangu aondoke.

Pazia la kulia limesogea. Mkono umetoka. Nimepangusa macho nitazame vizuri — mkono mtupu. Amevua glavu! Umenyooshwa nje ya kivuli, kiganja juu, juani, kama mtu anayeangalia kama mvua imeanza. Haupungi. Haufanyi kitu. Umekaa tu pale.

Shemeji kasema, puliza basi. Filimbi iko mdomoni, meno yameshaiuma. Nimejiambia nihesabu mpaka ishirini ndipo nipulize. Nimefika kumi na saba. Nimeanza upya.