Baba, Ulisema Nilizaliwa Mwoga

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Myanga, kwa dada yako, Senge Naliaka. Ungekuwa hai ningekupigia simu, tuvutane kidogo, kisha uniulize kama nimekula. Lakini tulikuzika Saboti mwezi wa nne, na mwezi wa saba karatasi yako ikasomwa kortini Kitale mbele ya watu nisiowajua hata majina. Kwa kuwa wewe ulinisema hadharani, na mimi nakujibu hadharani.

Unamkumbuka yule nyoka? Nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amekwenda sokoni, na nyoka akaingia ghalani kwa mahindi. Ulipofika ukikimbia kutoka shambani na jembe mkononi, ulinikuta nimeshamuua kwa mwiko wa ugali. Mwiko ulikuwa umekatika vipande viwili na nilidhani utanichapa kwa ajili yake. Wewe ukamning'iniza nyoka kwenye fimbo, ukanishika mkono, tukazunguka naye boma baada ya boma. "Huyu wangu haogopi kitu," ulikuwa unawaambia. Kisa hicho ulikirudia kanisani, ukakirudia kwenye arusi za watu, mpaka Mama akakuomba uwaonee wageni huruma.

Na siku ile trekta ya kukodi ilipokuja kulima, ukaniruhusu nipande juu na dereva. Mama alipiga kelele kutoka jikoni ati nitaanguka. Ukacheka tu. "Mwache. Huyu ni mimi mtupu." Nilizunguka shamba lote nikiwa nimekaa pale juu, na sikuwahi kujiona mkubwa kama siku hiyo.

Kwa hivyo nilipokuwa mkubwa, nikaenda kufanya kazi na mashine ya kupukuchua mahindi ya rafiki yako Mzee Simiyu, hukushangaa. Msimu ule tulikuwa Kachibora. Trekta ilisimama huku, mashine kule, na katikati shafti inazunguka, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Shafti ile ilipaswa kuwa na kifuniko. Simiyu alikuwa amekitoa asubuhi, akisema kinapiga kelele na kinachelewesha kazi. Mimi nilikuwa nashika gunia. Nilipoinama kuokota kamba ya kufungia, mkono wa sweta ukanaswa. Dereva alizima haraka, Mungu ambariki, lakini mkono ulikuwa umeshavunjika sehemu mbili.

Mkono ulipona. Ulikuja hospitalini na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, ukaninywesha mwenyewe. Ni mambo mengine ambayo hayakupona, na uliyaona kwa macho yako. Pikipiki ikiwaka barabarani, mimi natetemeka. Siku jenereta ya kanisa ilipowashwa nyuma ya kiti changu, nilijikojolea, Baba, mtu mzima, katikati ya wimbo. Wewe ndiye uliyevua koti ukanifunga kiunoni, ukanitoa nje na kuniambia tutembee polepole. Hukuniuliza chochote njia nzima. Nililia kwa aibu, na wewe ukawa unapangusa macho ukijifanya ni vumbi.

Mwezi wa kwanza Simiyu akaja nyumbani kuniona, amebeba jogoo mkubwa. Mama alimchinja, tukala. Nilifurahi kutembelewa. Nilikuona ukichukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma na hakuna mwingine wa kuigusa, ukamwekea Simiyu kwenye sahani yake. Nikadhani ni heshima ya mgeni. Baadaye mkatoka nje, wewe na yeye na mzee mmoja wa kanisa, mkakaa kwenye viti chini ya ukuta wa ghala na karatasi. Nikadhani mnaandika mambo ya harambee. Hakuna aliyeniita, na mimi ndiye niliyevunjwa.

Mwaka huo shamba letu lililimwa mapema kuliko la jirani yeyote. Trekta ya Simiyu ilikuja kabla hata hatujauliza. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na ukaitikia amina.

Mavuno yalipofika tena sikuweza kukaa. Unaijua Trans-Nzoia mwezi wa kumi na moja, mashine zinanguruma kila upande kuanzia asubuhi. Nikakimbilia huku Bungoma, kwa Senge, ambako wengi bado wanapiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia. Huku ndiko nilikopata mshauri nasaha, naye akaniambia kitu hiki kina jina, kina matibabu, na kwamba mtu anaweza kudai fidia kwa jeraha la moyoni kama la mfupa. Nikatafuta wakili Kitale. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: ni nani aliyekujua vizuri kabla ya ajali, anayeweza kueleza ulikuwa mtu wa namna gani? Sikufikiria hata dakika. Nikalitaja jina lako.

Nilikupigia siku hiyohiyo. Ukasema, "Tutaona." Nikapiga tena baada ya wiki mbili. "Si nilikuambia tutaona?" Mara mguu unauma, mara kuna kupalilia, mara kuna mkutano wa wazee. Nilidhani unaogopa korti kama watu wengi wa rika lako. Kisha ukaugua, nami nikaacha kukusumbua.

Kesi yangu dhidi ya Simiyu ilipoanza, wakili wake ndiye aliyetoa karatasi. Niliujua mwandiko wako kabla hajaanza kusoma. "Mimi, baba mzazi wa Nafula, nathibitisha ya kwamba mambo ya ajali tumeyamaliza nyumbani kwa kuelewana, na tumekula pamoja. Huo woga wake si wa mashine. Amekuwa nao tangu utotoni, na ameurithi kwa mama yake." Chini yake, sahihi yako, ile yenye mkia mrefu.

Wakili wangu alinituliza kwenye korido. Alisema hayo ya kumaliza nyumbani hayanifungi, mimi ni mtu mzima na sikutia sahihi popote. Kinachotuumiza ni hayo mengine. Kama woga nilizaliwa nao, basi mashine ya Simiyu haina deni na mimi.

Nilikwenda Saboti kumsomea Mama. Alikuwa anachagua maharagwe. Aliendelea kuchagua mpaka ungo ukaisha. "Mimi naogopa nini?" aliniuliza. "Hebu niambie, baba yako aliwahi kuniona nikiogopa nini?" Halafu akasema, "Lakini mwanangu, mtu ameshalala. Utasimama huko uwaambie watu nini?"

Hilo ndilo swali nililotembea nalo wiki nzima, Baba. Nimejaribu kukutetea. Nimejiambia ulikuwa na deni la kulimiwa, kwamba Simiyu alikubana, kwamba hukuelewa maneno uliyoandikishwa. Lakini ulikuwa katibu wa kanisa miaka mingi, unasoma kuliko sisi wote. Uliuza kitu ambacho kilikuwa changu kwa kulimiwa shamba. Ungesema tu kwamba mlipatana, ningekasirika yakaisha. Kuniita mwoga, wewe, hilo limenikaa hapa kifuani na halishuki. Nakulilia na kukukasirikia kwa pamoja, na sijui watu wengine waliofiwa wanafanyaje.

Jumanne nilipanda kizimbani. Mama alikuja, akakaa benchi la nyuma na kitambaa chake cheupe cha kanisani. Wakili wa Simiyu aliniuliza taratibu, kwa sauti nzuri.

"Si ulikula kuku?"

"Nilikula."

"Na huu ni mwandiko wa marehemu baba yako?"

"Ni wake."

"Mzee wa kanisa. Mtu aliyekulea. Kwa hivyo unaambia hii korti baba yako alikuwa mwongo?"

Hakimu aliacha kuandika akanitazama. Nje kuna mtu aliwasha lori. Nilishika ubao wa kizimba. Nilijua nikinyamaza utabaki mzee wa kanisa milele, na mimi nitabaki mwoga milele.

"Ndiyo," nikasema. "Katika hili, alidanganya. Na alijua."

Uamuzi bado haujatoka. Lala salama, Baba. Hilo bado nakutakia.

Mimi binti yako,
Nafula