Kicheko cha Bwana Funguo

Bwenini, chumba namba 14
Jumamosi, mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa mezani pako, lenzi jichoni, saa za watu zimekuzunguka, na kifua kimetulia baada ya kile kikohozi alichonisimulia Dada. Mimi mwili ni mzima. Hasira ndizo zilizonijaa hadi kooni. Mama naye hajambo? Mwambie shuka alilonipa bado linanifaa, ingawa kwa kukosa maji limeshasahau rangi yake.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniuliza mambo matatu: kama ninakula, kama mitihani imekaribia, na jambo la tatu ulilolibana pembeni mwa karatasi, chini ya sahihi, kana kwamba si kitu. Ninakula. Mitihani ni baada ya wiki sita. Hilo la tatu nitalifikia, Baba. Niruhusu kwanza nipige kelele zangu, maana hukuniita Kipaza tangu utotoni kwa bahati mbaya.

Filamu mliyoitazama kwenye simu ya Dada ni ile kamili, ya dakika kumi na mbili, niliyoihariri kwa mikono yangu. Umeona mwenyewe: bweni la wasichana siku kumi na tisa bila maji, tangi kavu, pampu iliyooza, na mkuu wa majengo akiahidi “kesho” mara tatu kwa mashati matatu tofauti. Umemwona msichana wa ghorofa ya tatu, aliyeteleza ngazini na ndoo kichwani akavunjika mkono. Na umemwona msimamizi wa bweni, tunayemwita Bwana Funguo kwa ule mzigo wa funguo kiunoni, akisikia habari za mkono huo na kucheka. Tulipoionyesha katika ukumbi mkubwa, wanafunzi mia nne walikaa kimya mpaka kicheko kile. Hapo ukumbi ukalipuka. Watu walipanda juu ya viti. Nilisimama nyuma kabisa, nikasema moyoni: haya ndiyo mapinduzi, na yametoka kwenye meza yangu.

Sasa sikiliza walichonifanyia. Ofisi ya habari ya chuo iliichukua filamu yangu, ikaipiga mkasi, ikaisambaza kwa jina la chuo ikiwa na sekunde arobaini. Arobaini, Baba! Tangi limeondoka. Pampu imeondoka. Mkuu wa majengo na mashati yake ameyeyuka kama hakuzaliwa. Aliyebaki ni msichana mwenye mkono uliofungwa, kisha mzee anayecheka, kisha maandishi meupe kwamba chuo kimesikia kilio cha wanafunzi na msimamizi amesimamishwa kazi. Sisi tulidai maji. Wao wametupa mtu. Na bomba, unauliza? Bomba linakoroma tu.

Nilikwenda ofisini kwao mbio, hata kiatu sikufunga. Nilimhutubia karani wa habari kwa muda mrefu kuhusu wizi, hila na ukoloni wa mkasi. Alinisikiliza huku akikoroga chai yake, akaniuliza kama nimemaliza, kisha akasema polepole kwamba wao hawakuongeza hata punje. Kupunguza wamepunguza, alikiri, lakini kile kicheko wamekikuta mle mle. “Binti, kicheko ni chako. Sisi tumekitumia tu.” Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu haukutoka mkutano wa hadhara.

Ili uelewe kilichonifunga mdomo, lazima nikueleze kazi yetu, kama wewe ulivyonieleza yako nilipokuwa nakuangushia skrubu chini ya meza. Watu hudhani filamu hutengenezwa na kamera. Kamera hukusanya tu. Maana huzaliwa pale vipande viwili vinapogusana. Mhadhiri wetu alituonyesha hilo mwaka wa kwanza. Alimpiga picha tarishi wa idara akitazama mbele, basi. Kisha akaunganisha uso ule na tangazo la matokeo ya mtihani, na darasa zima likaapa kwamba mzee wa watu anaogopa. Akauunganisha uso ule ule na mtoto mchanga aliyelala. Tukaapa kwamba anampenda kama mjukuu wake. Tarishi alipoitwa aseme alikuwa akiwaza nini, alijibu kwamba alikuwa anangoja chai na imechelewa. Tulicheka mpaka machozi. Hakuna aliyeona kuwa tumekabidhiwa kisu.

Nakiri nilikipenda kisu hicho. Ukitaka mtazamaji ashuku, mfanye asikie sauti ya mtu kabla hajamwona. Ukitaka achoke pamoja na anayesubiri, usikate. Mwache atazame ndoo tupu mpaka imkere. Na ukitaka amchukie mtu, mpe maumivu ya mmoja, kisha mara moja mpe uso wa mwingine. Hutamwambia lolote. Hukumu ataitoa mwenyewe, na kwa kuwa ameitoa mwenyewe, hatakubali mtu yeyote amnyang’anye.

Alhamisi, kamati ya nidhamu iliniletea karatasi. Wanataka nitie sahihi kwamba filamu ni kumbukumbu ya kweli ya yaliyotokea, ili Jumatatu wamfukuze Bwana Funguo moja kwa moja, kazini na katika kile chumba chake cha chini ya ngazi. Katibu wa kamati yetu ya mgomo wa maji akanihimiza nitie upesi, kwani ushindi ni ushindi. Niliiweka karatasi chini ya godoro. Nimeilalia siku mbili, na inachoma kuliko kunguni.

Jana Bwana Funguo mwenyewe alinijia. Kiuno chake kilikuwa kitupu na alitembea kama mtu aliyepungukiwa na mguu. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa tayari, na pengine nilitamani. Hakunitukana. Alisimama mlangoni, akaniita binti, akaniomba nimpeleke kwa msichana aliyevunjika mkono akamwombe radhi. Alisema ameitazama ile picha mara nyingi kwenye simu ya mlinzi wa getini, na kwa kweli hakumbuki kucheka. Alidhani alinyamaza. Lakini picha ipo, ameiona kwa macho yake, na mtu wa umri wake husahau mambo. Basi Jumatatu atakiri, yaishe. Kisha akaniuliza, kwa aibu iliyonivunja, ni mtu wa aina gani anayeweza kumcheka mtoto wa mwenzake namna ile.

Baba, sasa nimefika pembeni mwa karatasi yako. Umeandika: “Ile saa ya ukutani nyuma ya mzee, nani aliitengeneza? Inaonyesha saa kumi na dakika kumi, kisha kumi kasoro ishirini na tano, kisha kumi na dakika kumi na mbili. Mwambie fundi arudie.” Wanafunzi mia nne hawakuona. Mhadhiri wangu, aliyenipa alama za juu kabisa, hakuona. Ofisi ya habari haikuona. Umeona wewe, kwenye simu ya Dada yenye kioo kilichopasuka. Mimi kwa siku tano nilitazama meno ya mzee yule, sikutazama ukuta.

Saa ile ni nzima. Aliyeirudisha nyuma ni mimi.

Mzee alicheka, ndiyo, lakini kabla ya mahojiano, pale mpiga picha wetu aliporudi kinyumenyume akaingiza mguu ndani ya ndoo ukakwama, akacheza nayo korido nzima. Bwana Funguo alicheka akajifuta machozi, kisha akamletea kiti. Nusu saa na zaidi ikapita ndipo nikamweleza habari za mkono. Hakucheka. Alivua kofia. Alinyamaza, akizungusha funguo moja moja, halafu akasema ameandika barua sita kuhusu pampu, na kwamba kila alfajiri huwapandishia ndoo wasichana wa ghorofa ya juu kadiri mgongo unavyomruhusu. Yote hayo ninayo. Niliyakata kwa sababu filamu yangu ilihitaji adui mwenye sura, na mkuu wa majengo hachekeshwi na kitu. Mpiga picha alinionya: “Dada, huyu mzee hapo hakucheka.” Nikampa hotuba, kwamba ukweli wa umma ni mkubwa kuliko dakika za saa. Tulipomaliza kurekodi siku ile, Bwana Funguo aliniuliza kama ameongea vizuri. Nilimjibu vizuri sana.

Karatasi ya kamati nimeichana leo asubuhi. Bwana Funguo nimemwambia yote, mlangoni kwake. Alikaa kitandani, akaniomba nirudie sehemu ya ndoo. Jumatatu nitawaonyesha kipande kizima, dakika arobaini na saba bila mkato hata mmoja, saa ikitembea ukutani kama ulivyoizoea. Katibu ameniita msaliti, na kuniuliza kama nataka kuwazika wote. Chuo kinaweza kunifukuza pia. Nikirudi nyumbani kabla ya wakati wangu, unitengee kiti mezani pako. Skrubu siangushi tena.

Msalimie Dada, umwambie asiisambaze tena ile filamu. Wasalimie majirani wote walionipigia makofi. Na Mama, ambaye nasikia alimlaani mzee yule mbele ya mkutano wa wanawake wenzake, mwambie amwondolee laana hiyo leo hii, kwa sauti ile ile na mbele ya watu wale wale. Kama lazima imwangukie mtu, anwani yake ni hiyo hapo juu, chumba namba 14.

Mwanao,
Kipaza