Mangi Anasema Gari Langu Limekufa

Jumatano, 6 Agosti

Gari limefeli! Mkaguzi wa magari wa hapa Toongabbie, kitongoji chetu huku ughaibuni, alisimama nyuma ya ekzosi, akaniambia nikanyage mafuta, akaanza kuhesabu sekunde. Moshi wa bluu. Niliuona kwenye kioo, nikajifanya natengeneza nywele. Bila karatasi yake hakuna rego, yaani usajili wa gari barabarani, na rego yangu inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Jumatatu ya tarehe 18 naanza kazi mpya — kuwahudumia wazee majumbani kwao, upande wa Fairfield. Sharti la kwanza: uwe na gari lako. Kwenye intavyuu niliwaambia ninalo, tena zima kabisa. Miaka minne nimefanya zamu kwenye nyumba ya wazee nikiiomba kazi hii. Siipotezi kwa sababu ya moshi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelipeleka Ingleburn kwa Innocent. Fundi mzuri. Tatizo ni Mchaga na mimi Mpare, kwa hiyo kabla boneti haijafunguliwa lazima tutukanane kwanza. Nikamwambia, Mangi (kwetu kila Mchaga ni Mangi), usije ukaiba vipuri ukafungulia duka. Akasema Wapare tunauza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku, sasa kwa kesi ya gari nitauza nini? Mteja mmoja Mzungu alitutazama, akarudi nyuma hatua mbili. Nimerudi kwa treni, nacheka peke yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Meseji ya Innocent: mgonjwa amezidiwa, andaa sanda. Nikajibu sanda atoe yeye, Wachaga ndio wenye maduka.

Wanjugu akaisoma begani kwangu, akakunja uso. Huyu tumepanga naye nyumba, nesi, Mkikuyu wa Nyeri. Akauliza kwa nini naruhusu mtu anitukane. Nikamweleza utani: Mpare na Mchaga hawakasirikiani, hata msibani. Mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema, "lakini huyo msee akitaka kukushow ukweli, ataupitishia wapi?"

Wakenya bwana. Kila kitu kwao ni serious.

Jumanne, 12 Agosti

Leo katuma sauti. Eti injini imeisha, nitafute usafiri mwingine. Kaongea polepole kama mchungaji anayesoma tangazo la msiba! Nimemtumia picha ya ng'ombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Kimya. Hata ile picha ya ng'ombe hajaijibu.

Shati la kazi limefika, la bluu, jina langu kifuani: FRIDA. Nimelivaa, nimetembea nalo jikoni kama niko kwenye gwaride. Nimefurahi mpaka nimeona aibu. Jioni nikampigia Innocent, nikamuuliza gari nichukue lini. Akasema njoo Jumamosi uone mwenyewe. Mbwembwe tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeona mwenyewe.

Injini iko mezani, vipande vipande, mezani kabisa. Innocent kanishikisha ukuta wa silinda, unakwaruza kidole.

"Dada Frida, zimelika. Nimekuambia mara tatu."

Nimecheka. Hakucheka. Nimecheka tena, kidogo. Halafu hasira ikanipanda, na mtu huwezi kumkasirikia mtani! Nilitaka kulia pale pale. Kesho kutwa nafika Fairfield na nini, na toroli?

Nje kulikuwa na gari lake dogo jeupe, funguo ndani. Basi, kama mtani anaweza kuzuia jeneza, gari ni nini? Nikamwambia, Mangi, nachukua hili, haki ya utani. Hapo ndipo alipocheka, nadhani hakuamini. Nimeingia, nimepandisha vioo, nimeondoka. Kwenye kioo namwona anakimbia nyuma yangu, anapunga mikono yote miwili. Nami nikampungia.

Nimeimba njia nzima. Gari linateleza, moshi hata chembe.

Jumapili, 17 Agosti

Simu zake saba tangu asubuhi. Sikupokea, nilijua anataka gari. Baadaye ikaja meseji: "Tafadhali usiliendeshe. Halina rego tangu Juni. Lilifeli breki."

Nilicheka, nikamsomea Wanjugu. Mchaga kaona mali inaondoka, katunga hadithi! Nikaisoma tena. Hakuna Mpare humo, hakuna sanda. Na hiyo "tafadhali" — Innocent hajawahi kuniandikia tafadhali tangu tujuane.

Halafu nimekumbuka. Jana, kwenye taa za kuingia Toongabbie, nilikanyaga breki mara mbili ndipo likasimama. Nilidhani ni kiatu.

Naogopa. Nyumba ya kwanza kesho ni saa moja kamili, bibi mmoja wa miaka themanini na tisa, haamki kitandani bila mtu. Shati limepigwa pasi. Kazini bado sijapiga simu. Niwaambie nini, kwamba gari zima kabisa liko mezani?

Wanjugu anasema rego ya gari lolote inaangaliwa kwenye mtandao, namba ya gari tu, dakika moja. Ametoka nje kuisoma namba, amerudi, ameiandika kwenye simu yake, jibu limetokea, simu ameilaza mezani kifudifudi. Anasema nigeuze mwenyewe nikiwa tayari.

Nimemwambia asubiri kwanza nichemshe chai. Ameshaniambia mara mbili kwamba maji yamechemka.