Yai Amekwenda Kambini

Ghorofani, juu ya duka la vioo,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kabla hata sijakaa vizuri kitini. Hujambo huko uliko? Mgongo umekuachia, au bado unaamka umejikunja kama kisu cha mfukoni? Shemeji anaendeleaje na saa za watu anazotengeneza? Na mapacha je? Katika picha uliyotuma mmoja amekupita bega, nami nimeshindwa kujua ni yupi. Sisi huku tu wazima. Baba Tone amepona kikohozi, ila bado anakohoa kila akitaka chai imfuate alipo. Mimi miguu inavimba kidogo nikitoka zamu, lakini haijanizuia kitu.

Sasa keti. Kama uko jikoni, zima jiko kwanza, maana nina habari, na tangu asubuhi nimeibana kifuani kama mtu aliyebana kicheko kwenye mkutano.

Unamjua Tone wetu. Unajua alivyozaliwa, mdogo kiasi cha baba yake kumbeba kwenye viganja viwili na nafasi ikabaki, baada ya sisi kungoja hadi majirani wakachoka kuuliza. Na unajua nilivyomlea. Ulinikuta mwenyewe nikimpulizia chai mpaka ikapoa kuliko maji.

Basi shuleni kwao kuna mwalimu wa darasa, msichana mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, naye anapenda safari kuliko chaki. Aliwapeleka watoto uwanja wa ndege. Tone hakwenda, nilisema jino linamsumbua. Wakaenda ziwani, nikasema ana mafua. Wakaenda makumbusho, mahali ambapo kila kitu kimekufa zamani na hakiwezi kumdhuru mtu, nikasema tuna mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa fundi bomba, akafunga koki na kuondoka.

Si kwamba sikuuona uso wa mtoto. Niliuona. Lakini kila nilipoombwa ruhusa, mimi sikuona ndege wala ziwa. Niliona basi limelala ubavu. Niliona mwalimu akihesabu vichwa na kimoja hakipo. Baba yake alikuwa akiniambia, "Mama Tone, unaogopa kwa niaba ya ukoo mzima. Tubakizie na sisi kidogo." Nami namjibu atengeneze friji za watu, aniachie mwanangu.

Mwezi uliopita mwalimu akanisimamisha getini. Nilipomwona tu nikaanza kutafuta ugonjwa wa kumwambia. Akacheka.

"Safari hii huna pa kukimbilia, mama," akasema. "Tunakuja kiwandani kwenu. Meneja ameshakubali."

Wakaja kweli. Unajua mimi niko upande wa kukandia, pale penye mashine kubwa zinazozungusha unga kama zinaugombeza. Siku hiyo nilikuwa nimevaa koti jeupe, wavu wa nywele na barakoa, unga hadi kwenye kope. Hata mama yetu angenipita. Watoto wakaingia kwa mistari miwili, na Tone alikuwa mwisho kabisa, ameshikana mkono na mwalimu. Nikampungia. Akatazama viatu vyake.

Sasa, juu ya mkanda unaoleta mikate kutoka kwenye tanuri kuna daraja dogo la chuma, lina kingo pande zote. Wageni hupandishwa hapo waone mikate ikipita chini ya miguu yao, imevimba, inafuka moshi. Watoto wakaanza kupanda wakisukumana. Mmoja akageuka akasema, "Yai, wewe baki na mwalimu." Hakusema kwa ubaya, Dada. Alisema kama mtu anavyosema funga mlango. Na Tone akabaki.

Karibu nami kulikuwa na kabinti wanakokaita Redio, kwa sababu hakazimiki. Nikakainamia nikauliza, "Kwa nini mwenzenu mnamwita Yai?"

"Mama yake anaogopa atapasuka," kakanijibu, macho kwenye mikate. "Haendi popote. Ziwani hakwenda, ikabidi tumletee kokoto."

Kokoto hiyo ninayo machoni hata sasa ninapoandika. Iko dirishani chumbani kwake. Kila wiki nilikuwa naifuta vumbi, nikijiuliza mtoto anataka nini na jiwe, bila kujua kwamba lile ndilo ziwa lake.

Nikavua barakoa. "Mama yake ni mimi," nikasema.

Redio ikazimika. Wenzake wakaangua kicheko, na Tone akainamisha kichwa kidevu kikagusa kifua. Hakuwa amewaambia kwamba nafanya kazi pale. Baadaye aliniambia alihofu ningemshika mkono mbele ya watu.

Mwenzangu wa kwenye tanuri, yule mzee tunayemwita Moshi, akanisogelea. "Mama Tone," akasema polepole, "mtoto halitazami daraja. Anakutazama wewe."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkono mmoja kwenye chuma, macho kwangu. Nayajua macho yale. Ndivyo anavyonitazama kabla ya kuonja chakula, kabla ya kumjibu mgeni, kabla ya kucheka. Miaka yote hiyo nilidhani ni adabu.

"Panda," nikasema. Nilitaka kuongeza: shika chuma, tazama unapokanyaga, taratibu. Nikayameza yote. Akapanda. Alipofika katikati akachungulia chini, akapiga ukelele uliozidi mashine: "Mama! Inakuja yenyewe! Inakuja mingi!"

Aliniita mama mbele ya wote, Dada, nami nikarudi kwenye unga nikijifanya kope zinawasha.

Jioni ile ile akaniletea habari ya kambi. Milimani, kulala kwenye mahema, siku mbili. Aliisema kwa haraka, amekwisha jiandaa kukataliwa. Nikamwambia aende. Baba yake akaweka bisibisi chini, akanipapasa paji la uso kuona kama nina homa.

Usifikiri nilibadilika kama mtu anayebadilisha nguo. Nilimfungia begi ambalo baba yake aliliangalia akauliza, "Anakwenda kambini au anahama?" Sweta tatu. Mwavuli. Filimbi. Dawa ya kila kiungo. Nusu ya vitu Tone alivitoa nikiwa bafuni. Asubuhi ya safari alikaa dirishani kwenye basi, na lilipoondoka alinipungia mara moja tu, kisha akageuka kuzungumza na mwenzake. Nikabaki nimenyanyua mkono kama ninayeomba kuuliza swali.

Siku ile kazini nilitia chumvi mara mbili kwenye mchanganyiko. Moshi ndiye aliyeonja, uso wake ukajikunja kama tambara. Unga wote ukaenda kwa mfuga kuku. Meneja akaja amefura. Nikamwambia, "Bosi, mwanangu yuko kambini." Akanitazama, akauliza ni mara yake ya kwanza? Nikasema ndiyo. Akashusha pumzi, akaondoka. Ana watoto wanne yule.

Jana ndiyo walikuwa warudi, mchana. Mchana ukapita. Mvua ikapiga huku, na kule milimani wingu lilikuwa jeusi kama sufuria. Wazazi tukajazana getini. Kisha simu ya mwalimu ikaingia kwa mwalimu mkuu: tope limezuia njia, wanasubiri litolewe, watoto wote salama, watachelewa. Simu ikakatika.

Na hapo, Dada, ungecheka. Mama yake Redio, mwanamke mmoja mrefu asiyewahi kukosa kumpeleka mtoto safari yoyote, akaanza kulia. Sijui ni nini kilinipata. Nikamshika bega, nikamketisha kwenye benchi la mlinzi, nikamwambia basi lililosimama ni bora kuliko basi linalokimbilia tope, dereva huyo ana akili. Wengine wakasogea kunisikiliza. Baba mmoja akaniuliza, "Mama, wewe huna wasiwasi?"

"Ninao wa kuwagawia nyote," nikamjibu. "Ila leo nimeamua kuukalia."

Niliukalia kweli. Macho sikuyatoa barabarani, na mikono nimeifungia kwapani. Lakini mdomo wangu ulisema maneno ya mtu mzima, na kadiri nilivyoyasema ndivyo nilivyoanza kuyaamini.

Basi likaingia jua likishuka, limepakwa tope hadi kwenye vioo. Mlango ukafunguka. Wakashuka wa kwanza, wa pili, kisha kikashuka kitu cha rangi ya udongo, kimebeba mabegi mawili, kiatu kimoja kimefungwa kwa kipande cha kamba, sauti imekauka kama ya jogoo mzee. Kilikuwa kinabishana na Redio kuhusu nyani. Kikanipita, Dada! Tone wangu alinipita hatua tatu mbele ndipo akageuka.

"Ee, mama! Nyani amechukua sweta moja. Lakini aliihitaji kuliko mimi."

Nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kilichotangulia.

Mwalimu ndiye aliyenisimulia mengine. Usiku wa kuamkia jana dhoruba iliangusha hema la wasichana. Watoto wakapiga kelele, Redio akamlilia mama yake hata hawezi kusimama. Walimu walipofika na taa wakamkuta Tone ameushikilia mti wa hema kwa mikono yote miwili ili turubai lisiwafunike wenzake, yeye pia analia, machozi yanamtiririka, lakini mti hajauachia. Begi la pili alilobeba lilikuwa la Redio.

Nilisikiliza hadi mwisho. Kwa maana lile ndilo nililoliogopa, Dada. Mvua, giza, hema chini, nami sipo. Limetokea lote, kama nilivyolichora. Na mtoto amerudi akiuliza kuna chakula gani.

Nikimwogesha nilimuuliza kama bado wanamwita Yai. Akasema ndiyo, lakini mwalimu amewaambia mayai ni ya aina nyingi. "Mimi ni la kuchemsha, mama. Hata ukiliangusha halimwagiki." Kisha akaniomba nitoke, anaweza kujisugua mwenyewe mgongo. Hawezi, ulibaki na tope. Nilitoka.

Sasa ndiyo nafika kwenye habari yenyewe. Leo asubuhi mezani ametuuliza: shule zikifungwa, anaweza kuja kwa Mama Mkubwa kwa treni? Nikasema tutaomba ruhusa kazini tumlete. Akasema, "Hapana, peke yangu. Kondakta si yupo?" Dada, miaka mingapi umeniomba nikupe huyu mtoto walau wiki moja, nami nikakupa sababu? Nimesema ndiyo kabla baba yake hajameza chai. Ikampalia. Na huyu mwanamume aliyenicheka miaka yote, tangu asubuhi anazunguka nyumba akiuliza treni ina breki za aina gani, na kama madirisha yake yanafungika. Nimemwambia atubakizie na sisi kidogo.

Kwa hiyo jiandae. Tukishakata tiketi nitakupigia simu. Uende stesheni mapema, usimame mahali anapoweza kukuona. Nakuomba jambo moja tu, na najua ni zito kwa sababu wewe na mimi tumetoka tumbo moja: akishuka, usimkimbilie, wala usimnyang'anye begi. Mwache akutafute. Akikuona atakuja mwenyewe.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha wote wawili, yule mrefu na yule anayejiona mrefu. Shangazi akipita hapo mwambie sijamsahau, nimebanwa tu na zamu. Baba Tone anakusalimu na anauliza, kwa mara ya tatu tangu nianze kuandika, kutoka stesheni hadi kwako kuna umbali gani. Tone hakusalimu, amesema salamu zake atazileta.

Mungu awalinde ninyi nyote mlio mbali na mikono yangu, na anipe nguvu ya kuiacha mikono hiyo itulie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye jana, leo na hata treni itakapochelewa,

Mama Tone