Mbuzi wa Kasyoka

Mwende mjukuu wangu,

Hujambo huko Lodwar? Sisi tupo. Babu yako bado anakohoa, ndengu tumevuna kidogo, na magoti yangu hayataki tena ule mlima wa kanisani.

Unauliza kama hao watoto sita unaobaki nao baada ya masomo watawahi kushika hesabu, maana umechoka. Hata mimi nilichoka, nilipotoka kwetu Nunguni kwenda kufundisha Kyuso.

Nilikuwa nikibaki na wanne kwenye kivuli cha darasa. Msichana mmoja, Kasyoka, alinishinda kabisa. Nikaona nimuulize kitu anachokijua: "Kwenu mna mbuzi wangapi?" Akachora mchangani kwa kidole. Wenzake wakatazama chini. Nikamwita mzito, Mungu anisamehe.

Mpishi wa shule ndiye aliyenieleza kwamba kwao mifugo haihesabiwi, ukiihesabu itakufa. Kwetu, watu wa kanisa, tulikuwa tumeyasahau hayo.

Kesho yake nikamuuliza polepole, "Sasa jioni unajuaje mbuzi amepotea?"

"Mwalimu, naangalia ni nani hayuko."

Tukaanza upya, kwa mawe. Akawa anashika, kidogo kidogo.

Halafu mvua ikakosa, watu wakaanza kuhama na mifugo kutafuta malisho. Alasiri moja niliketi na kundi langu, wala sikuhesabu. Niliangalia tu, nikaona Kasyoka hayuko. Hakurudi.

Hao sita wako bado wapo, Mwende. Jumapili pumzika. Jumatatu ubaki nao.

Ni mimi susu yako.