Paswedi Yoyote Inafungua

Shoga, leo nimefanya unyama.

Unaikumbuka ile skripti yangu ya kukagua paswedi kwenye seva ya imeili kazini? Ijumaa ilimkatalia kila mtu. Nikaiambia ikubali paswedi yoyote ile, nijaribu kidogo tu. Nikasahau kuirudisha!

Leo imeili za bosi zimevuja. Bosi kamwita sekretari wake, maana ndiye mtu mwingine pekee anayejua paswedi ya bosi. Mama wa watu analia, "Haki ya Mungu sijampa mtu!"

Bosi akanigeukia: "Fundi, kuna njia nyingine ya kuingia?"

Nikasema hapana. HAPANA! Kwa mdomo wangu huu huu.

Mama wa watu kafukuzwa.

Anatoka, akanishika mkono: "Asante mwanangu, wewe tu hukunitazama kama mwizi."

Shoga, sikumtazama kabisa.