Udongo Niliomletea Mama Kutoka Kaskazini

Alhamisi. Mvua imeanza tangu alfajiri na hapa Soweto West njia zote ni tope. Asubuhi nilikuwa Kawangware kwa mama, nimerudi saa nane nimelowa, na saluni sijaifungua. Hakuna anayekuja kusukwa siku kama hii, na hata angekuja ningemharibia kichwa.

Nina jambo la kukiri. Nimelibeba wiki mbili na leo limenitoka.

Tangu nirudi mmekuwa mkiniandikia mkitaka habari za safari. Niliweka picha moja tu, ile nimevaa koti la wifi hadi nafanana na godoro lililokunjwa, nacheka. Mkasema nimebahatika, mkaniuliza kama niliziona zile taa za kijani za angani. Sikuwaambia nilichoendea.

Nilienda kuchota udongo wa kaburi la kaka yangu.

Wafula ndiye niliyefuatana naye kuzaliwa. Alienda kusomea uuguzi, akabaki huko, akawa anatunza wazee katika manispaa moja ya kaskazini kabisa mwa Finland, mahali penye jina lenye herufi nyingi kuliko watu. Mwezi wa kumi moyo wake ulisimama akiwa nyumbani kwake, anavaa viatu aende kazini. Tulisubiri mwili, haukuja. Mkewe Sanna, mtu wa hukohuko, alisema Wafula mwenyewe alimwambia siku moja kwamba akifa azikwe pale. Mama hajaamini hilo hadi leo. Mimi naliamini, na sijawahi kumwambia mama kwamba naliamini.

Wazee wa kwetu Bungoma walikaa wakaamua. Mwili usipokuja, udongo wa kaburi uje. Uzikwe nyumbani kando ya baba, na siku ya tatu watu wanyolewe nywele, msiba uishe. Kunyoa ni kazi yangu, kwa sababu mimi ndiye msusi wa familia. Na kwa kuwa Sanna alinitumia tiketi ya ndege, kuchota nako kukawa kwangu.

Baba mdogo alinipa maagizo yote. Nichote upande wa kichwa. Nichote kwa mkono wa kulia. Nikishauziba mkebe nisiuweke chini mpaka nifike. Mama akaosha mkebe wa majani ya chai, akauanika juani siku nzima kibandani pake pa mboga, katikati ya managu na sukuma. Mimi nikatia kwenye mkoba kijiko kikubwa cha kupakulia wali. Katika kikao kizima, watu wazima wenye akili zao, hakuna aliyewaza kwamba kuna mahali ardhi hufungwa. Kwetu ardhi ipo tu. Ukiitaka unachimba.

Nilifika mwezi wa kwanza.

Mimi nikisikia neno manispaa nawaza askari wa kanjo wakiwakimbiza akina mama wa mboga. Ile manispaa ni miti. Ni miti, na theluji, na miti tena, halafu nyumba moja yenye taa dirishani, halafu miti. Sanna aliendesha gari kwa saa mbili na nusu kutoka uwanja wa ndege na tulipishana na magari mawili. Wanyama wao wenye pembe kama matawi walisimama katikati ya barabara wakatuangalia, Sanna akazima injini akawangoja waondoke kwa hiari yao. Jua halikuwepo. Si kwamba kulikuwa na mawingu. Halichomozi kabisa majira yale. Saa sita mchana kulikuja mwanga kidogo wa rangi ya samawati, ukakaa, ukaondoka.

Nilikuwa nikiwaza, huku ndiko alikuwa akinipigia simu. Mara ngapi aliniambia, "Nasimiyu, kuja basi, hata wiki moja tu"? Na mimi nacheka, namwambia nitaganda niwe barafu ya kuuza. Miaka sita alinialika. Nilienda alipokuwa hawezi kunifungulia mlango.

Siku ya pili Sanna alinipeleka makaburini, nyuma ya kanisa la mbao. Theluji ilinifika mapajani. Misalaba mingine ilionekana ncha tu. Alihesabu kutoka kwenye ukuta, akapinda, akahesabu tena, akasema ni hapa. Akachimba theluji kwa koleo mpaka tukaiona ardhi, akawasha mshumaa ndani ya kitaa kidogo cha kioo, akarudi nyuma kidogo aniachie nafasi.

Nikapiga magoti nikatoa kijiko changu.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine. Kijiko kilipinda mara ya kwanza tu. Sanna akaenda garini akaleta mtaimbo wa chuma, na tukapiga kwa zamu, mimi na yeye, mpaka mikono ikafa ganzi. Mtaimbo ulikuwa unalia kama nyundo kwenye reli hapa kwetu. Ardhi haikutoa hata chembe. Sanna akanieleza taratibu kwamba italainika mwezi wa sita, nirudi wakati huo, tiketi atanitafutia. Halafu akasema, "Pole." Wafula alimfundisha hilo neno, na nadhani hakumfundisha lingine.

Nilikaa siku tisa. Nilirudi pale siku sita kati ya hizo. Nilijaribu maji ya moto ya chupa ya chai, yakaganda nikiyaangalia. Nililia kwa hasira, na huko hata machozi yanauma.

Dirishani kwa Wafula kulikuwa na ndoo tatu za plastiki chini ya taa nyeupe. Ndani yake kulikuwa na mashina makavu. Sanna alinieleza kwamba hayo yalikuwa mboga zake za nyumbani, kwamba alizitunza kama mtoto, na kwamba baada ya msiba yeye alijaribu kuzinywesha lakini hakujua kipimo, zikafa. Niliyajua yale mashina. Ni saga, ile mboga chungu mama anayouza. Wafula alipoondoka mama alimfungia mbegu kwenye pindo la leso akaitia mkobani, na sisi tukamcheka, tukamwambia Wazungu watamrudisha uwanja wa ndege kwa ajili ya mboga.

Siku ya mwisho, Sanna akiwa kazini, nilimimina udongo wa ndoo moja kwenye mkebe. Udongo wa dukani, mweusi, mwepesi, wa kununuliwa kwenye mfuko. Nikauziba. Sikuuweka chini mpaka nilipofika kwa mama. Hilo agizo moja nililitimiza.

Niliona afadhali hivyo kuliko kurudi na mkebe mtupu. Nilifikiri mama atapumzika. Na siku ile nilipoutoa, aliukumbatia akalia mpaka majirani wa Kawangware wakaja kuujaza mlango, wakaimba, mchungaji akauombea. Mimi nikiwa pale nimesimama, nasema amina.

Kesho tunasafiri nao Bungoma. Jumamosi unazikwa. Leo asubuhi baba mdogo alipiga simu akasema udongo usije kwenye mkebe kama chai, ufungwe kwenye kitambaa cheupe. Kwa hiyo mama, hapo kibandani, mvua ikigonga mabati, akachukua uteo wake wa kuchambulia mboga, akaumimina ili atoe takataka kabla ya kuufunga. Mimi nilikuwa nakata sukuma ya mteja. Nilitaka kumzuia, nikaendelea kukata.

Vidole vyake vilipita mara moja, vikasimama.

Mama ameuza mboga tangu sijazaliwa. Aliokota kitu chembamba, kirefu, kikavu, akakivunja kwa kucha. Ni ganda la mbegu za saga. Zikaanguka kwenye kiganja chake, nyeusi, ndogo.

"Nasimiyu," akasema. "Hii mchanga umetoa wapi?"

Nilimwambia yote. Kijiko, mtaimbo, maji ya chai, ndoo. Nilisema haraka kama mtoto aliyevunja sahani. Yule mteja alikuwa bado amesimama chini ya mwavuli, msichana wa watu, akaanza kuangalia simu yake isiyolia. Mama akachukua sukuma kutoka mkononi mwangu, akamalizia kuikata, akamfungia, akamwambia asante mrembo, kuja tena. Kisha akakaa.

Nilitegemea anitukane. Ningemshukuru.

"Zilimea?" akauliza.

"Zilimea, mama."

"Huko kwa baridi?"

"Alikuwa amezinunulia taa."

Akatikisa kichwa. "Na alikula?"

Nikamwambia nilivyoambiwa na Sanna, kwamba alizipika Krismasi ya mwaka juzi, zikatosha sahani moja, akala peke yake kwa sababu Sanna uchungu ulimshinda, na kwamba unga wetu huko haupatikani, akasonga ugali wa unga wao ukawa uji. Mama alicheka kidogo. Halafu akalia, si kama siku ile ya majirani. Alilia bila sauti, mkono mmoja ukiwa bado kwenye uteo.

Nikamwuliza tufanye nini. Nikamwambia niko tayari kumpigia baba mdogo, niseme mbele ya wazee wote, wanilaumu wanavyotaka.

"Usiambie mtu. Wamekodi hema, wamealika watu. Tutaenda, tutazika hii. Ni mboga yake, alipanda na mkono wake, hakuna ubaya." Akafunga udongo kwenye kitambaa cheupe, akakaza fundo. Kisha akavua kile kitambaa cha kichwani ambacho hajakivua tangu mwezi wa kumi. Nywele zimesimama zote, zimejisokota, kitana hakijazigusa. Mvi zimemjaa kichwani na mimi sikuwa nimejua.

"Lakini mimi usininyoe," akasema. "Wengine nyoa. Mimi mtoto wangu bado."

Ndivyo alivyosema. Bado. Akajifunga kitambaa tena, akaniambia niende kabla mvua haijazidi.

Nimefika hapa nikamwandikia Sanna, ardhi ikilainika aniambie. Amenijibu neno lake lile moja. Sijui kama nitapewa tena viza. Mwezi wa sita uko mbali, na mimi ni msusi, najua nywele zitakuwa zimekua kiasi gani.

Siku ya tatu watu watakaa mbele yangu mmoja mmoja, mashangazi, binamu, baba mdogo mwenyewe. Mama atakaa kando na kitambaa chake, na wataniuliza kwa nini. Nitawajibu nini? Nilimletea mama udongo wa uongo ili apumzike, na sasa yeye peke yake ndiye atakayebaki kwenye msiba wenzake wakiondoka.

Nyembe nimeshazipanga kwenye mkoba. Nitanyoa wote, na mimi nitajinyoa. Mama nitamruka.